Mwalimu Mgeni Akija Marafa, Mwambieni Mapema

Ukipata habari kwamba shule yenu italetewa mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, usianze na chokaa ya ukutani wala wimbo wa kumpokea. Watoto wataimba siku moja, na ukuta utachafuka kabla muhula haujaisha. Anza na karatasi. Andika yale ambayo mtu huyo hatayajua kama hakuambiwa: maji yanatoka wapi, nani atampeleka shuleni asubuhi ya kwanza, atasaidia gredi gani, pesa anazotoa kwa mwenye nyumba ni za nini, na jioni mwisho wa kutembea ni saa ngapi.

Nasema hivi kwa sababu tumewaona wakija na kuondoka, hapa Marafa na huko Malindi, na wengi walioshindwa hawakushindwa na joto wala choo cha shimo. Walishindwa na ukimya wetu. Sisi watu wa Pwani tuna adabu ya kutomkera mgeni. Akikosea tunatabasamu. Akiuliza kama kuna tatizo tunajibu hakuna shida, kisha tunakwenda kumsema barazani. Yeye kwao amezoea kuelezwa jambo waziwazi, kwa hiyo akiambiwa hakuna shida, anaamini. Mwezi wa pili ukiingia mwenye nyumba amenuna, walimu wenzake hawamwiti chai, naye hajui alipokosea ni wapi.

Zamani mzigo huu haukuwa wetu peke yetu. Peace Corps ya Marekani iliundwa mwaka 1961, na miongoni mwa vikundi vyake vya mwanzo kabisa ni kile kilichokuja Tanganyika mwaka huo huo kusaidia kupima barabara. Utaratibu wao ukawa kwamba anayejitolea hufundwa wiki nyingi kwanza, lugha na desturi, akikaa na familia ya wenyeji, ndipo apelekwe kituoni kwa miaka miwili. Wanaofika Marafa siku hizi wengi huja kwa wiki kadhaa au miezi michache, na mafunzo yao ni kijitabu walichosoma ndani ya ndege. Kwa hiyo kuwafunda ni juu yetu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na umwonyeshe linashikwa wapi.

Kabla hajapanda ndege

Karatasi za serikali hazina utamu, lakini zikikosekana mwalimu mkuu ndiye atakayeulizwa. Tangu Januari 2024 Kenya haitoi tena viza. Mgeni huomba kibali cha kusafiri cha kielektroniki, eTA, kabla ya kuondoka kwao. Kibali cha mtalii si ruhusa ya kufundisha, hata kama halipwi senti. Shirika linalomleta ndilo la kumwombea pasi maalumu au kibali cha kazi katika Idara ya Uhamiaji, na mwalimu mkuu ana haki ya kuiona karatasi hiyo kabla ya kumpa chaki. Tena Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu ya mwaka 2012 inataka anayefundisha awe amesajiliwa na Tume. Mgeni wa miezi mitatu hana usajili huo. Basi awe msaidizi ndani ya darasa la mwalimu aliyesajiliwa. Ndiyo njia salama kisheria, na nitaeleza mbele kwa nini ndiyo inayomfaa mtoto pia.

Mwombeni na cheti cha polisi cha nchi yake. Msione haya. Sisi wenyewe tunadaiwa cheti cha tabia njema hata kwa kazi ya kulinda lango, sembuse mtu atakayekaa na watoto kutwa.

Halafu kuna jambo la kalenda, ambalo husahauliwa kila mwaka. Wanafunzi wa vyuo vya Ulaya hupata likizo ndefu kati ya Juni na Septemba, nasi hufunga shule mwezi wa Agosti. Anayekuja kwa wiki tatu za Aprili naye atakuta milango ina kufuli. Mpelekee tarehe za mihula kabla hajakata tiketi, na mwombe akae muhula mzima kama anaweza. Muhula wa kwanza, Januari mpaka mwanzoni mwa Aprili, una joto la kaskazi lakini barabara ni kavu. Muhula wa pili huanza na mvua za masika, na barabara ya vumbi ikinywa maji, matatu huadimika. Muhula wa tatu ni mfupi na umejaa mitihani, ukiwemo ule wa KPSEA wa Gredi 6. Mgeni akija wakati huo atakaa sana ofisini.

Atauliza alete nini. Mwambie asilete peremende wala mipira thelathini. Watoto wa hapa wameshazoeshwa na watalii wanaokuja kuangalia korongo la Nyari: wakiona ngozi nyeupe hupiga kelele za «ciao!» na kunyoosha mkono, kwa kuwa Malindi ina Waitaliano tangu miaka mingi na kila Mzungu kwao ni Mwitaliano. Mwalimu akianza na peremende, hataitwa mwalimu tena. Alete vitabu vya hadithi vyepesi, vyenye picha, nakala kadhaa za kitabu kimoja. Kitabu kimoja kimoja cha aina ishirini hupendeza kwenye rafu, lakini darasani hakisomeki na kundi.

Nyumba ya kulala

Msimwache ajitafutie njia. Mtu aende Malindi kumchukua, na ahakikishe wanafika mchana. Kutoka Malindi mtavuka daraja la Sabaki, mpinde kuingia barabara ya Marikebuni, na safari yote haifiki kilomita 50. Lakini kwa mtu aliyetoka London na usingizi wa ndege machoni, hizo ni kilomita nyingi mno za kusafiri peke yake na begi mapajani.

Mama mwenye nyumba, maneno haya ni yako. Asubuhi ya kwanza mpe mtungi wa lita 20, beseni na kata, na useme kwa kinywa chako: haya ndiyo maji yako ya leo. Usiposema atajimwagia mtungi mzima kabla ya chai, bila ubaya wowote, kwa sababu kwao maji hutoka ukutani na hajamwona aliyeyabeba. Siku ya pili mchukue mwende naye kuteka. Abebe yeye. Atarudi na mtungi uliopungua, fulana imelowa mgongoni na vidole vimechorwa mistari na mshikio. Baada ya hapo utaona mwenyewe anavyoipima kata, na hutahitaji kumhutubia juu ya ukame wa huku kwetu Magarini.

Chakula kisikutese. Wenyeji wengi huanza na kuku siku tatu mfululizo, wiki ya pili wanakopa dukani, wiki ya tatu wanamchukia mgeni ambaye hakuomba kuku. Mpe mnachokula: sima na mtsunga, wali wa nazi na mbaazi, muhogo, samaki siku anapopatikana. Mweleze kwamba mtsunga una uchungu na akishindwa aseme, hakuna atakayekasirika. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, hilo halina majadiliano. Na umkaribishe jikoni. Akikalishwa juu ya mbuzi kukuna nazi, mara ya kwanza atakwangua mpaka kwenye kifuu, machicha yatoke na vumbi la kahawia, na watoto watacheka mpaka walale chini. Mwache acheke nao. Wiki ya pili tuwi lake litanyweka.

Chumbani anahitaji chandarua kisicho na tundu, kufuli na ufunguo wake, na mahali pa kutundika nguo. Kufuli si dharau kwenu. Pesa ikipotea kwenye nyumba isiyofungwa, kila mtoto wa ukoo atashukiwa, na hakuna namna ya kulisafisha jambo hilo. Waambieni watoto wabishe hodi na wasubiri waitikiwe. Kwetu mtu akijifungia peke yake mchana tunadhani ana hasira au anaumwa. Wao wengi hupumzika hivyo. Akiingia chumbani saa kumi akatoka saa kumi na mbili, mwacheni. Akikosa chakula cha usiku mara mbili, hapo sasa ingia umuulize.

Kuhusu pesa, andikeni. Shirika likilipa kwa mwezi, karatasi iseme zinagharimia nini: vyakula vingapi kwa siku, maji, kufua nguo, umeme au chaji ya sola. Ikiwa haigharimii soda ya wageni wake, iseme pia. Nimesikia nyumba iliyogombana miezi miwili kwa sababu ya nauli ya bodaboda ambayo kila upande ulidhani upande wa pili ndio unaolipa. Karatasi moja ingetosha.

Salamu kwanza, mambo mengine baadaye

Marafa mtu hapiti mtu kimya. Mgeni mwenye vidude masikioni anayempita hawe, yaani bibi mzee, njiani bila neno ameshajulikana kijiji kizima kuwa ana kiburi kabla hajafika shuleni, na kesi hiyo ataikuta imeamuliwa bila yeye kusikilizwa. Mfundisheni mwalamukadze ya asubuhi siku hiyo hiyo ya kwanza, na Kiswahili cha kuulizia habari za nyumbani. Asijali matamshi. Mwambieni kwamba akiwa na haraka bado anasimama, anasalimu, kisha anaendelea. Hiyo ndiyo haraka ya huku.

Atapewa jina, hilo halizuiliki. Atakuwa Kazungu, au Charo, au Kadzo, kutegemea watoto wa nyumba wameamka vipi. Alipokee. Nguo pia aambiwe mapema, hasa na mwanamke mwenzake kama ni mwanamke: leso ya kujifunga ndani ya boma, mabega yafunikwe shuleni, na kaptula ni ya pwani ya Malindi.

Mnazi ni jambo ambalo walimu huona haya kulizungumza. Mzee wa nyumba akimkaribisha kikombe kimoja cha pombe ya mnazi Jumamosi, ni ukarimu, na si kila mgeni wala kila nyumba inakunywa. Kukaa kwenye kilabu cha mnazi na wazazi wa wanafunzi wake mpaka jua lizame ni jambo jingine. Jumatatu hatakuwa na sauti darasani. Matangani naye apelekwe, kwa sababu majirani wataangalia nani alikuja. Avae vizuri, atoe mchango mdogo kama wengine, asipige picha. Disko matanga za usiku asiende. Wakuu wa kaunti yetu ya Kilifi wamezikemea miaka mingi kwa sababu ya yanayowapata wasichana wa shule, na mwalimu akionekana pale hata kwa kuangalia tu, amejiharibia.

Maombi ya fedha yatakuja. Mtu atataka karo, mwingine simu, mwingine mdhamini wa mtoto. Wanaoomba si watu wabaya. Ukame ukikaza Magarini kuna watoto wanaokuja shuleni bila kula, na anayeomba kwa ajili ya mtoto hana haja ya kuombewa radhi. Lakini mgeni wa miaka 22 hana ujuzi wa kupima nani mhitaji zaidi, na akishalipia mmoja, jirani yake amekosana na mwenziwe. Mpe jibu la kutumia, alikariri: maombi yote yanapitia kwa mwalimu mkuu na bodi ya shule. Na bodi iwe tayari kweli kuyapokea, isiwe jina tu la kumficha mtu.

Darasani

Hapa ndipo alipokuja, na hapa ndipo tunapompoteza zaidi. Kawaida yetu ni hii: mgeni akifika, anapewa Gredi 5, chaki mbili na baraka; mwenye darasa anakwenda kunywa chai, na kwa muhula mzima hiyo ndiyo chai yake. Mgeni anasimama mbele ya watoto 60 au 70, anasema haraka kwa lafudhi ambayo masikio yao hayajapata kuisikia, anauliza kama wameelewa, na darasa zima linaitikia kwa wimbo mmoja kwamba wameelewa. Hawajaelewa. Wamejifunza tu kwamba swali hilo lina jibu moja. Yeye anafurahi, anaendelea ukurasa wa pili. Akija kugundua, ameshapoteza wiki tatu, na anajiona hafai.

Fanya hivi. Wiki ya kwanza akae dawati la nyuma, asikilize tu, na kila kipindi kikiisha akae na mwenye darasa wasemezane. Ajue hali ya lugha ilivyo: mtoto wa Marafa hulala na kuamka na Kigiriama, hununua chumvi kwa Kiswahili, na Kiingereza hukutana nacho kwa mwalimu. Mtaala wa umilisi unaruhusu gredi tatu za kwanza kufundishwa kwa lugha ya eneo, kisha kuanzia Gredi 4 Kiingereza ndicho kinachobeba masomo. Mruko huo ndio unaowavunja wengi. Mtoto aliyekuwa hodari wa hesabu Gredi 3 huonekana mjinga Gredi 4 kwa sababu tu swali limebadilisha nguo. Kama una mgeni mmoja tu, mweke hapo.

Na kazi yake ya kwanza isiwe kuhutubia darasa. Iwe kusikiliza watoto wakisoma, mmoja mmoja. Mwalimu mwenye watoto 70 hana dakika za kumsikia kila mmoja akisoma kwa sauti hata mara moja kwa wiki; afanye hesabu yeyote anayebisha. Mgeni anazo. Apewe watoto wanane, mkeka, kivuli cha mwembe na vitabu vya Tusome, ule mpango wa kusoma ulioanza shule za msingi mwaka 2015, ambavyo shule nyingi bado zinavyo kabatini. Nusu saa na wanane, kisha wengine wanane. Ataanza kusikia nani anasoma kweli na nani amekariri ukurasa kwa kuangalia picha. Aandike kwenye daftari, na daftari hilo amwonyeshe mwenye darasa kila Ijumaa. Kazi hii haihitaji cheti, haimvunjii mwalimu wetu heshima, na katika yote niliyoyaona yakifanywa na wageni, ndiyo iliyobakisha kitu.

Wakishazoeana, waandae pamoja somo la kuandika, na kichwa cha habari kipo nje ya dirisha. Kila mtoto wa hapa amesikia hadithi ya Nyari kwa hawe wake: ukoo wa matajiri wenye ng'ombe wengi hata wakawa wanaoga maziwa wakati majirani wana njaa, mpaka ardhi ikadidimia ikawameza, na zile rangi nyekundu na nyeupe za korongo ndizo damu na maziwa. Kipindi cha kwanza watoto wasimulie kwa Kigiriama kwenye vikundi, mgeni akae asielewe chochote. Ni vyema waone mwalimu naye anaweza kutokuelewa. Kipindi cha pili wamsimulie yeye kwa Kiswahili, mwenye darasa akimsaidia. Cha tatu ndipo wamweleze kwa Kiingereza, na maneno wanayoyakosa yaandikwe ubaoni wakati wanayahitaji, wala si kabla. Cha nne waandike. Utashangaa ni watoto gani wanaandika ukurasa mzima. Hadithi wanayo tayari, kwa hiyo akili yote inakwenda kwenye lugha. Ukiwapa habari ya theluji au ya kituo cha treni cha chini ya ardhi, wana kazi mbili kwa wakati mmoja, na ya kwanza ndiyo itakayowachosha.

Mambo madogo ya kumwambia kabla hajakosea: vitabu vyetu vinatumia tahajia za Uingereza, kwa hiyo Mmarekani ajirekebishe ubaoni. Asimsahihishe mwalimu mwenzake mbele ya watoto, hata akiwa na haki; amwambie ofisini. Asipige picha za nyuso za watoto kuzitandaza mitandaoni bila idhini ya wazazi na ya mwalimu mkuu.

Na ninyi walimu, kiboko kiondoke. Adhabu ya viboko imepigwa marufuku shuleni Kenya tangu mwaka 2001, na kila mmoja wetu anajua shule ambayo bado kipo nyuma ya kabati. Kisifichwe kwa sababu mgeni anakuja. Lakini ikiwa ujio wake ndio utakaokitoa, basi hata asipofundisha neno moja ameshafanya kazi.

Usalama uzungumzwe wazi

Tarehe 20 Novemba 2018 watu wenye silaha walivamia kituo cha Chakama, ndani ya Magarini hii hii, wakajeruhi wenyeji na kumteka msichana wa Kiitaliano aliyekuwa akijitolea na watoto. Alirudi kwao Mei 2020. Kila mzazi wa Ulaya anayetafuta jina la Kilifi kwenye intaneti atakutana na habari hiyo, na ya pili atakayokutana nayo ni Shakahola, ambako mwaka 2023 zilianza kufukuliwa maiti zaidi ya 400 za wafuasi wa mhubiri mmoja. Mgeni atafika akiwa ameshayasoma yote mawili, na akiona hakuna anayeyataja atadhani tunaficha.

Yatajeni. Kisha mwambieni kinachofanywa: siku ya pili apelekwe kwa chifu na kituo cha polisi, jina na nambari ya simu ziandikwe, nao wajue analala nyumba gani. Mara nyingi hatua hii hurukwa kwa sababu chifu hakuwepo siku hiyo, basi rudini kesho. Awe na laini ya simu iliyosajiliwa kwa pasipoti yake na M-Pesa inayofanya kazi, asitembee na noti nyingi. Jua likizama awe ndani ya boma. Bodaboda awe na wawili anaowajua kwa majina, na mama mwenye nyumba awe na nambari zao. Akisafiri kwenda Malindi aseme anakwenda wapi na anarudi lini. Vijana wa kigeni huona huku ni kuchungwa. Mweleze kwamba hata mwanao mwenyewe unamuuliza.

Homa isisubiriwe. Pwani ina malaria mwaka mzima, hata kwa anayekunywa vidonge vya kinga. Akilalamika kichwa na baridi, apelekwe kituo cha afya apimwe siku hiyo hiyo, asipewe panadol na kuambiwa alale. Kama hali inazidi, ni Malindi, na gari la kumpeleka liwe limefikiriwa kabla ya usiku huo.

Siku za kudorora

Wiki za mwanzo kila kitu ni kipya kwake. Kisha, mara nyingi kabla ya mwezi wa pili kwisha, hupoa. Hali chakula vizuri, anashinda kwenye simu, anajibu kwa neno moja. Usimletee mganga wa maneno wala usimwambie ajikaze. Mpe kazi ya mikono Jumamosi, mwende shambani mkavune mananasi au mkashone makuti. Mpeleke Nyari saa kumi na moja jioni, jua linapoyawasha yale mawe, na umlipie kiingilio wewe mwenyewe ili asiwe mtalii siku hiyo. Yupo atakayetaka Bungale kuona kaburi la Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwakataa Waingereza mwaka 1913, na mzee wa kumsimulia hakosekani. Na mara moja moja aende Malindi peke yake, akae hotelini, ale pitsa, azungumze lugha yake mpaka achoke. Wenyeji wengine hununa wakisikia hivyo. Mtu aliyekula sima wiki sita bila kulalamika ana haki ya pitsa.

Akitaka kuondoka

Watoto waambiwe mapema, kwa maneno ya kawaida, kwamba mwalimu ana tarehe ya kurudi kwao. Sherehe ya kumwaga machozi haimsaidii mtoto wa Gredi 2 ambaye mwaka jana aliagwa na mwingine. Wala msimlazimishe aahidi kurudi. Ataahidi, kwa adabu ile ile tunayoijua sisi, na mtoto atahesabu.

Wiki mbili kabla ya safari akae na mwenye darasa wapitie lile daftari la usomaji, jina kwa jina: nani amevuka, nani bado anababaika na silabi, nani huenda haoni vizuri ubaoni. Vitabu vyake viachwe kwa hati, vihesabiwe, viingizwe kwenye orodha ya mali ya shule ili visiishie nyumbani kwa mtu.

Halafu mwalimu mkuu amkalishe peke yake, chai mezani, amuulize jambo moja: ni kitu gani ulichelewa kuambiwa? Asijitetee, aandike tu. Atasikia habari ya bomba lililofungwa siku tatu, ya jirani aliyeacha kumsalimu, ya kipindi cha Ijumaa ambacho hakuwahi kuelezwa kuwa ni chake. Karatasi hiyo ibandikwe pamoja na ile ya kwanza na iwekwe mahali patakapoonekana, kwa sababu Januari shirika litapiga simu tena.